Methani ya Kivu: ugumu ni kusimama njiani

Jioni njema wazazi, ndugu, na ninyi wanafunzi mliobanana kule mlangoni. Asanteni kwa kuja na mvua hii.

Sisi wa Goma tumekua tukiambiwa ziwa letu la Kivu lina gesi. Ni kweli. Huko chini, kwenye kina kinachokaribia mita 500, uzito wa maji umebana methani ya kilomita za ujazo 60 hivi, pamoja na kabonidioksidi mara tano yake. Hiyo ya pili mnaijua, ndiyo iliyomo kwenye mazuku, ile hewa mbaya inayoua mbuzi wetu mabondeni. Leo nina habari ya methani, na swali ni moja: mbali na kuichoma, inaweza kugeuzwa kitu kingine? Tuseme methanoli. Hiyo ni maji-maji, inaingia kwenye bidoni, hata chukudu, baiskeli yetu ya mbao, inaibeba, na viwandani ni malighafi ya gundi, rangi na plastiki.

Methani ina kaboni moja katikati na hidrojeni nne kuizunguka, zote sawa, hakuna upande legevu wa kushikia. Kukata kifungo kimoja tu kati ya kaboni na hidrojeni kunadai kilojuli 439 kwa moli. Viwanda vya leo vinatumia ubabe: methani na mvuke vinapitishwa kwenye joto la nyuzi 800 hivi, molekuli inasambaratika, halafu methanoli inajengwa upya. Unabomoa nyumba nzima kwa sababu unataka kubadilisha mlango.

Ila hapo bado sijafika penye kero. Mama aliyewahi kuwasha mbabula, jiko la mkaa, kwa makala mabichi atanielewa haraka kuliko wanafunzi wangu. Unapuliza, unapepea, machozi yanatoka, hakuna kitu. Likishika kaa la kwanza, yote yanashika, na huwezi kuyaambia yaishie nusu. Methanoli ni rahisi kuungua kuliko methani iliyoizaa. Ukiwa na nguvu ya kutosha kuanza, unayo pia ya kupitiliza hadi kabonidioksidi. Kwa hiyo mwanakemia anatafuta namna ya kusimama njiani.

Umeme unaingia hapa. Tazameni hii glasi: maji, chumvi ya jikoni, penseli mbili zilizochongwa ncha zote, betri sita za redio. Penseli ya upande hasi inatoa mapovu mengi, ni hidrojeni. Ya upande chanya, nusa kidogo... Naam, Javel, ile dawa ya kung'arisha nguo! Ni klorini. Sikuleta klorini mfukoni. Umeme umeipokonya chumvi elektroni zake. Na kwa kupandisha au kushusha volti, mimi ndiye ninayeamua upokonyaji huo uwe mkali kiasi gani. Moto wa mbabula hauna kitufe hicho.

Kuna kisa ninachokipenda. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Mrusi Alexander Shilov alionyesha kwamba chumvi za platini, madini ya thamani kubwa, ndani ya maji zinaweza kugeuza methani kuwa methanoli, kwa joto la chini sana kuliko la viwandani. Balaa lilikuwa kwamba platini ya aina moja ilifanya kazi, ya aina nyingine ikaliwa njiani. Nani atachoma platini apate methanoli? Mwaka 2019 watafiti wa chuo kikuu cha MIT, Marekani, waliirudishia hiyo iliyoliwa hali yake kwa umeme, papo hapo kwenye chombo, wakipima kasi ya kuirudisha ilingane na kasi ya kuliwa. Kwangu mimi huo ndio umeme uliotumika kwa akili: haumgusi methani, unamhudumia fundi wake.

Bado ni kazi ya maabara. Methani haipendi kuyeyuka majini, kwa hiyo mwendo ni wa kinyonga.

Ndiyo, mama, nakuona. Unauliza kama makala yatashuka bei. Kwa hilo usingoje methanoli. Ng'ambo, upande wa Kibuye, Wanyarwanda wanaivuta methani ya ziwa hilihili na kuichoma, wanapata megawati 26 za umeme. Tungeanza na hilo. Na bila umeme, hii kemia yangu tungeiendesha na nini, betri za redio?

Zenyewe zimeshachoka, mapovu yanapungua. Anayetaka kunusa asogee sasa, lakini asiweke pua juu ya glasi. Avute harufu kwa kiganja.