Kipindi: Kuandika Tovuti ya Kwanza, Kuanzia Karatasi Hadi Kwenye Simu ya Mteja

REHEMA: Karibuni wasikilizaji wetu, popote mlipo Dar es Salaam na nje yake. Leo tunamzungumzia mtu anayetaka kutengeneza tovuti yake ya kwanza, na ili mazungumzo yasielee hewani tumechagua mfano mmoja: karakana ya samani pale Keko, inayotengeneza vitanda, makabati na meza, ambamo kijana mmoja amepewa kazi ya kuiwekea karakana hiyo tovuti ingawa hajawahi kuandika msimbo wowote, yaani maagizo ya kompyuta. Kaka Bakari, ungemwambia aanzie wapi?

BAKARI: Ahsante, dada Rehema. Ningemwambia aifunge kompyuta kwanza, achukue karatasi, aandike yale ambayo wateja huuliza wanapopiga simu: mnapatikana wapi, kitanda cha futi tano kwa sita ni bei gani, mbao ni mninga au mkongo, kazi huchukua siku ngapi, na je, mnasafirisha hadi Mbagala au Kigamboni. Majibu ya maswali hayo ndiyo tovuti yenyewe. Wanaoanza wengi huchagua kwanza kiolezo cha kuvutia chenye nafasi ya picha kubwa na aya tatu, kisha huhangaika kutafuta maneno ya kuzijaza nafasi hizo, na mwishowe ukurasa unamkaribisha mgeni kwa herufi kubwa huku bei ikiwa haionekani popote.

REHEMA: Karatasi hiyo humpa pia mpangilio, kwa sababu swali linaloulizwa mara nyingi ndilo linalostahili kukaa juu. Sasa tuingie kwenye msimbo. Wasikilizaji husikia HTML inayoeleza kazi ya kila kipande cha ukurasa, CSS inayopanga sura yake, na JavaScript inayoupa ukurasa matendo, zikitajwa kwa pamoja, na wengi huogopa wakidhani ni lazima wazijue zote tatu kabla ya kuanza.

BAKARI: Si lazima, na historia inathibitisha hilo. Tim Berners-Lee, mvumbuzi wa wavuti, aliandika pendekezo lake mwaka 1989 akiwa kwenye kituo cha utafiti cha CERN, Uswisi, na mwaka 1991 tovuti ya kwanza ikafunguliwa kwa watu wa nje. Wakati huo hapakuwa na JavaScript, iliyokuja mwaka 1995, wala CSS, ambayo toleo lake la kwanza lilipitishwa mwaka 1996. Kurasa zilisomeka kwa HTML peke yake. Kwa hiyo kijana wetu atengeneze folda moja, na ndani yake aweke faili liitwalo index.html, kwa kuwa mtu akiandika anwani ya tovuti bila kutaja ukurasa, kwa kawaida seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti na kuwatumia wageni kurasa zake, hulitafuta faili lenye jina hilo. Programu yoyote ya kuandikia maandishi matupu inatosha, na kivinjari, yaani programu ya kufungulia tovuti kama Chrome, kitalifungua faili hilo hata pasipo intaneti.

REHEMA: Ndani ya faili hilo kuna nini?

BAKARI: Kuna lebo, na kila lebo husema kazi ya kipande cha maandishi. Kichwa kikuu huwekwa ndani ya h1, aya ndani ya p, orodha ya bidhaa ndani ya ul, kiungo hutumia a, na picha hutumia img. Mwanafunzi asichague h1 kwa sababu tu anataka herufi kubwa. Aichague kwa sababu maneno yale ni kichwa cha ukurasa. Fundi hapaki vanishi kabla fremu haijakaa sawa, na HTML ndiyo fremu yetu.

REHEMA: Hapo naomba niongeze jambo ambalo nalithamini sana. Juu kabisa, kwenye lebo ya html, aandike lang="sw". Watu wasioona hutumia programu zinazowasomea skrini kwa sauti, na programu hizo huiangalia alama hiyo ili kuchagua matamshi. Tovuti nyingi za Kiswahili zimebaki na alama ya Kiingereza iliyokuja na kiolezo, hivyo sentensi za Kiswahili zinaweza kusomwa kwa matamshi ya kigeni. Vilevile kila picha ya bidhaa iwe na maelezo katika sehemu ya alt: asiandike "picha ya kwanza", bali "kitanda cha mninga cha futi tano kwa sita chenye droo mbili". Mteja asiyeona ana haki ya kujua kinachouzwa.

BAKARI: Ni kweli kabisa, na kuna mstari mwingine wa juu usioonekana ambao ukikosekana kazi yote huharibika, nao ni ule wa meta wenye neno viewport. Bila mstari huo, simu hudhani ukurasa ulikusudiwa skrini pana ya kompyuta, huuchora kwa upana wa pikseli 980 hivi, yaani nukta ndogo zinazounda picha ya skrini, kisha huusinyaza hadi maandishi yawe madogo mno kusomeka. Mteja wa Keko atafungua ukurasa huu kwa simu, pengine akiwa ndani ya daladala, kwa hiyo tuandike kwa ajili ya simu tangu mwanzo. Namba ya karakana iwe kiungo kinachoanza na tel: ili akiigusa simu ipige, na kiungo cha WhatsApp kianze na wa.me, kisha namba yenye 255 mbele, bila alama ya kujumlisha na bila sifuri ya mwanzo.

REHEMA: Tuzungumzie picha, maana karakana ya samani itataka kuonyesha kazi zake zote.

BAKARI: Picha iliyopigwa kwa simu janja huweza kuwa na megabaiti nne. Akiweka kumi kama zilivyo, kila anayefungua ukurasa hulipa megabaiti arobaini za bando lake kabla hata hajajua bei ya meza. Azipunguze hadi upana wa pikseli 1,200 au chini ya hapo, azihifadhi kwa muundo wa JPEG au WebP, na alenge kila moja iwe chini ya kilobaiti 200. Aandike width na height kwenye kila img ili maandishi yasirukeruke picha zinapofika, na zile za chini azipe loading="lazy" ili zisubiri hadi msomaji azikaribie. Kisha majina ya mafaili: Windows haitofautishi Kitanda.JPG na kitanda.jpg, lakini seva nyingi hutumia mfumo wa Linux, ambayo huyaona kuwa mafaili mawili tofauti. Ndiyo maana picha huonekana vizuri nyumbani na kutoweka tovuti ikishapandishwa kwenye seva. Herufi ndogo tupu, bila nafasi, huondoa tatizo hilo lote.

REHEMA: Na CSS?

BAKARI: Mistari michache inatosha kwa sasa: fonti moja inayosomeka, nafasi ya kutosha kati ya mistari, na upana wa juu wa aya ili maandishi yasitambae kutoka ukingo hadi ukingo kwenye skrini kubwa. Kuhusu rangi, viwango vya kimataifa vya ufikivu vinataka maandishi ya kawaida yatofautiane na mandharinyuma kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1, na kwa jua letu la Dar kijivu hafifu juu ya nyeupe hakisomeki kabisa. JavaScript ingoje, ukurasa huu hauihitaji.

REHEMA: Mimi ningeshauri pia asiweke fomu ya kukusanya majina na namba za wateja. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na anayekusanya taarifa za watu hubeba wajibu wa kuzilinda. Viungo vya simu na WhatsApp vinatosha. Vipi kuhusu jina la tovuti?

BAKARI: Kwa biashara, kikoa (jina la anwani) cha .co.tz kinafaa, na husajiliwa kupitia wasajili waliopewa idhini. Kisajiliwe kwa jina la mwenye karakana, na nywila iwe mikononi mwake, kwa sababu kijana akihama bila kukabidhi, biashara inaweza kupoteza anwani ambayo wateja wameizoea. Tovuti ifunguke kwa https, yaani njia inayosimba mawasiliano kati ya mteja na tovuti. Cheti chake hakihitaji fedha, kwani shirika la Let's Encrypt hutoa vyeti bure, na watoa huduma wengi wa kuhifadhi tovuti huviwasha na kuvihuisha wenyewe.

REHEMA: Ikishapanda hewani, atajuaje kwamba inafanya kazi?

BAKARI: Amkabidhi mteja simu ya bei ya chini inayotumia bando, si Wi-Fi, amwombe atafute bei ya kabati la milango mitatu, kisha yeye kijana anyamaze na kutazama. Pale mteja atakaposita ndipo pa kurekebisha kwanza. Na kila bei za mbao zinapobadilika, afungue index.html, abadilishe namba, aandike kando yake mwezi na mwaka ambao bei hiyo ilithibitishwa, kisha alipandishe faili upya siku hiyohiyo.