Kutu Huingia Kisu Kikiwa Kimelala

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, kaka na dada, habari za asubuhi. Nimeombwa nizungumzie visu visivyoshika kutu. Nikitazama ukumbini naona waliokaa mbele ni wavuvi na waparaji samaki, nyuma wapo mama lishe, na pale dirishani vijana wanaowapeleka wageni miambani. Basi leo ni kisu cha pwani. Mwenye kisu Dodoma ana bahati yake: hewa kavu inamvumilia hata akiwa mzembe. Sisi huku hewa yenyewe ina chumvi.

Nianze na habari mbaya, ili aliyekuja kwa ajili hiyo tu awahi daladala. (Kicheko.) Kisu kisichoshika kutu hata kidogo, chenye makali ya kudumu, na cha bei ya mtu wa kawaida, hakipo. Vilivyopo ni visu vinavyokupa muda. Kimoja kinakupa saa mbili, kingine wiki, kingine miaka. Na muda huo hauhesabiwi kisu kikiwa kazini. Kisu kinachopara changu tangu alfajiri hakipati nafasi ya kuota kutu, kwa sababu kinasuguliwa, kinafutwa na kusuuzwa kila mara. Kutu huja mchana, kikishatupwa kwenye ndoo, au kikisharudishwa kwenye ala kikiwa kibichi. Kwa hiyo anayetaka kuniuliza anunue kisu gani, kwanza aniambie kisu chake kinalala wapi.

Chuma kinahitaji maji na hewa ili kiote kutu. Chumvi si lazima, ila ikiwepo kazi inakwenda mbio, kwa kuwa maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri, na kutu ni kazi ya umeme mdogo mdogo unaotembea juu ya chuma. Hilo wengi mnalijua hata kama hamkulisoma. Lisilojulikana sana ni hili: chumvi iliyokauka juu ya kisu haijakauka. Chumvi ya kawaida huanza kunyonya unyevu wa hewa na kuyeyuka unyevu huo ukifika kiasi cha asilimia 75, na chumvi ya bahari ina vitu vingine ndani yake vinavyonyonya mapema zaidi. Usiku wa pwani mara nyingi unavuka hapo. Maana yake ulifuta kisu saa kumi jioni, ukakiona kikavu, ukakiweka darini. Saa nane ya usiku kimelowa tena, na hakuna aliyekimwagia maji.

Naomba kile kisu cha mpini wa mbao kizungushwe, mkitazame kwa karibu. Msitazame katikati ya bapa, pale panang'aa. Tazameni pale bapa linapozama kwenye mbao: kuna mstari mwembamba wa rangi ya chai. Halafu tazameni herufi zilizogongwa na kiwanda, ndani ya mikunjo yake kuna vidoadoa. Sasa mama aliye karibu achukue ile karatasi nyeupe aipitishe polepole kwenye makali, kwa tahadhari, kutoka mgongoni kuelekea nje. Imetoka alama ya kahawia, siyo? Kisu hicho kilinolewa juzi, na tangu hapo hakijakata kitu. Makali ndiyo sehemu nyembamba kuliko zote, kwa hiyo kutu ikila kidogo tu, makali yamekwenda. Mtu anafika asubuhi anasema kisu kimekuwa butu chenyewe, labda watoto wamekichezea. Hawajakigusa. Kimeliwa usiku.

Sasa tuje kwenye stenlesi. Mwaka 1913, katika mji wa Sheffield huko Uingereza, mtaalamu wa vyuma aitwaye Harry Brearley alikuwa anatafuta chuma cha mitutu ya bunduki kisicholika haraka. Tarehe 13 Agosti aliyeyusha chuma chenye kromiamu asilimia 12.8 na kaboni asilimia 0.24. Alipotaka kukichoma kwa asidi ili akitazame kwa hadubini, asidi haikukishika inavyotakiwa. Akakijaribu kwa siki na maji ya ndimu, hakikushikwa. Sheffield ni mji wa visu, kwa hiyo akili yake haikwenda mbali. Lakini mafundi wa kwanza aliowapelekea hawakumshangilia. Chuma kilikuwa kigumu kufua, kilihitaji moto tofauti na waliouzoea, na makali yake hayakuwafurahisha. Walimtania kuwa amevumbua visu visivyokata.

Utani ule una ukweli ambao hadi leo haujaisha. Kinachofanya chuma kiwe kigumu na kishike makali ni kaboni. Kinachokilinda na kutu ni kromiamu, ambayo ikikutana na hewa hutengeneza utando mwembamba mno, wa nanomita chache tu, juu ya chuma chote. Ukiukwaruza, unajirudisha wenyewe mradi hewa ipo. Shida ni kwamba kaboni na kromiamu zikiwa pamoja ndani ya chuma hupendana. Kaboni ikiwa nyingi huichukua kromiamu na kufunga nayo chembe ngumu, na kromiamu iliyofungwa humo haibaki huru kutengeneza utando. Ndiyo sababu kuna chuma kiitwacho D2 chenye kromiamu kama asilimia 12, karibu sawa na ya Brearley, ambacho hapa pwani kitakuaibisha ndani ya siku chache: kaboni yake ni kama asilimia 1.5. Kwa hiyo muuzaji akikutajia kromiamu peke yake, amekupa nusu ya habari.

Na utando wenyewe una maadui wawili. Mmoja ni kloraidi, yaani chumvi na dawa zote za klorini. Hizi hutoboa utando mahali padogo, na kutu inachimba kwenda chini, nukta nyeusi ndogo ambayo ukiisugua inabaki. Mama lishe wangu, ile Jik ya kutakatishia nguo msilaze visu ndani yake usiku kucha mkidhani mnaua vijidudu. Vijidudu vitakufa, na kisu pia. Adui wa pili ni kukosa hewa. Chini ya damu ya samaki iliyokauka, ndani ya bawaba ya kisu cha kukunja, ndani ya ala ya ngozi iliyolowa, utando ukipasuka haujirudishi. Ala ya ngozi ni ya kubebea kisu. Kwa kulala, hapana.

Nigusie sumaku, maana naona kijana pale ameshaitoa mfukoni. (Kicheko.) Mitaani tumeambiana kuwa sumaku ikishika, basi si stenlesi. Kwa vijiko na sufuria kipimo hicho kina msingi, kwa sababu stenlesi ya vijiko vizuri huwa na nikeli, haishikwi na sumaku, na haiwezi kugumishwa kwa moto. Lakini kisu lazima kigumishwe. Stenlesi ya visu karibu yote inashikwa na sumaku, na bapa la kawaida la dukani ambalo sumaku inateleza juu yake ndilo la kulitilia shaka: huenda limekatwa kwenye bati la vijiko, halitaota kutu na halitakata nyanya.

Tuseme basi uko dukani. Neno "stainless" lililogongwa kwenye bapa halikwambii kitu. Tafuta namba. Ukiona X50CrMoV15, au 1.4116 ambayo ni chuma hicho hicho, una chuma cha jikoni cha Kijerumani chenye kaboni kama nusu asilimia na kromiamu kama 15. Hakiringi kwa makali, lakini kinanoleka upesi hata kwa kinoo cha kawaida, na kinavumilia ndimu na chumvi. Kwa mama lishe na muuza pweza nakipa kura yangu, chenye mpini wa plastiki, kwa kuwa mbao hunywa maji na kuyaficha. Ukiona 12C27, chuma cha Sweden, ndicho kilichomo kwenye visu vingi vya Mora vya bei nafuu: makali mazuri zaidi, kutu kinaikabili vizuri ukikisuuza. Kina faida kwa kijana wa miambani na hata porini. Angalia tu, Mora wanatengeneza pia visu vya kaboni vinavyofanana na hivyo kwa sura, soma bapa. 420 ikiwa na kaboni kidogo ni laini, inataka kunolewa kila siku, lakini kisu cha dharura kinachoning'inia kwenye mashua kungoja siku ya kukata kamba kinaweza kuwa hicho bila hasara.

Kuna pia vyuma ambavyo kaboni imepunguzwa na nafasi yake ikachukuliwa na nitrojeni. Hiyo haina tabia ya kuiteka kromiamu kwa namna ile. H1 ni mmojawapo, LC200N mwingine. Huyu wa pili ni ndugu wa chuma kilichotengenezwa kwa ajili ya beringi za ndege. Kampuni ya Spyderco ya Marekani ina visu vya namna hii kwa ajili ya watu wa baharini. Nimekiona kimoja kikikaa kwenye ndoo ya maji ya bahari kikatoka kama kilivyoingia. Bei yake itakunyima usingizi, na kikizama kwenye kina cha pweza kimekwenda. Mzamiaji anayelipwa kwa kazi hiyo anunue. Wengine tuendelee na mjadala. Visu vya seramiki havioti kutu maisha, lakini vikianguka kwenye jiwe vinavunjika, viacheni jikoni.

Kunoa. Rafiki yetu mwenye baiskeli na gurudumu la kunolea ana kazi yake, nami simharibii riziki. Ila mwambie apitishe kwa mkono mwepesi na achovye maji. Cheche zikizidi na ncha ikageuka rangi, ugumu wa pale umepotea, na stenlesi iliyoungua rangi hushika kutu upesi kuliko ile isiyoungua. Pia mikwaruzo mikubwa ya gurudumu hukaa na maji ya chumvi. Akimaliza, pitisha kisu kwenye kinoo laini nyumbani. Kusugua pia kuwe kwa adabu: stilwaya ya sufuria huacha chembe zake za chuma juu ya kisu, chembe hizo zinaota kutu, na wewe unakilaumu kisu.

Matunzo yenyewe ni mafupi, na mpangilio wake ndio wenye maana. Maji baridi yasiyo na chumvi kwanza, kabla ya kitambaa. Kitambaa peke yake kinasambaza chumvi, na mafuta juu ya chumvi yanaifungia ndani. Suuza, kausha kwa kitambaa, acha kisimame penye hewa na kivuli, ndipo upake mafuta kidogo sana. Kwa kisu cha chakula mafuta ya nazi yanafaa, hayachachi upesi. Ya alizeti yanakauka yakawa gundi. Mafuta ya cherehani ni mazuri kwa bawaba na kwa visu visivyogusa chakula. Kama uko chomboni na maji ya kunywa ni ya kuhesabu, kikombe kimoja kinatosha visu vya watu wote, mradi vifutwe mara tu.

Kutu nyepesi itoke kwa magadi soda na kitambaa kibichi. Ikigoma, msasa laini wenye mafuta. Ndimu na chumvi, dawa ya bibi zetu, inatoa kutu kweli, lakini chumvi ile ile inabaki kuendeleza ugomvi. Tumia ndimu peke yake, kisha suuza sana.

Mzee ameuliza hapa: kisu alichofuliwa na mhunzi kwa springi ya gari, akitupe? Hapana, mzee wangu, usikitupe. Springi ya gari ina kaboni kama asilimia 0.6 na kromiamu haifiki hata asilimia moja, kwa hiyo kutu ni lazima. Lakini makali yake visu vingi vya dukani havifui dafu mbele yake, na mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Kikiachwa kizeeke kwa kazi, bapa lake litageuka jeusi la kijivu. Weusi huo usiusugue, unapunguza kasi ya kutu nyekundu kiasi fulani, ingawa si ngao. Usikatie embe bichi, utalitia weusi na ladha ya chuma. Na usikipeleke baharini. Kiache kiwe cha shambani na cha kuchinjia, kwenye kitambaa chenye mafuta, nje ya ala.

Mama ameuliza kuhusu kisu cha kukunja cha mwanawe kilichokwama. Usilazimishe kukifungua kwa koleo. Kiloweshe kwenye maji ya uvuguvugu yasiyo na chumvi, ukibadilishe maji mara mbili tatu hadi yasitoke kahawia, kikauke vizuri, kisha tone la mafuta ya cherehani kwenye bawaba, na ukisogeze kidogo kidogo. Kikifunguka, angalia ndani kwa tochi: kama springi yake imeliwa hadi ikawa nyembamba, kitaweza kujifunga chenyewe vidoleni, na hicho hakirudi kazini. Walioleta vyao waje meza hii ya kulia, tuanze na vya kukunja. Vya kuparia samaki tutavifanya baada ya chai.