Umebebeshwa ajali Texas? Usikimbilie kulipa tiketi

Shikamooni wakubwa, habari zenu ndugu zangu wa Mwanza. Swali ni lile lile, kuanzia Igoma hadi Nyegezi: "Kijana wetu yuko Texas, kagongwa, halafu tiketi ya kosa la barabarani kaandikiwa yeye. Alipe yaishe?" Najibu, na tafadhali msiseme naringa wala nalialia. Mimi si wakili, na kila kesi ina mambo yake.

Asilipe kwanza. Huko nyumbani, gari zikikwaruzana pale Buzuruga na hakuna majeruhi, mtu analipa faini ya sh. 30,000, karatasi zinaenda bima, maisha yanaendelea. Tabia hiyo tunapanda nayo ndege. Texas, ukishalipa tiketi umehesabiwa umetiwa hatiani, hata kama hukufungua mdomo. Kusaini barabarani hakuna shida, ile ni ahadi tu kwamba utafika mahakamani. Kabla ya tarehe iliyoandikwa kwenye tiketi, ijulishe mahakama kwamba unakana kosa, na ubaki na nakala. Tarehe ikipita kimya, hati ya kukukamata inaweza kutoka.

Kisha nunua ripoti ya ajali, inaitwa CR-3. Ni dola 6 kwenye tovuti ya idara ya barabara, TxDOT, na polisi ana siku 10 za kuiwasilisha. Usiishie kwenye maelezo, kaa na mchoro. Mishale inaonyesha gari lako lilitoka upande gani? Shahidi aliyesimama pale kaandikwa? Namba ya gari ikikosewa, askari anaweza kurekebisha. Maoni yake kuhusu nani mkosaji ni nadra kuyabadilisha. Hayo unayapinga mahakamani.

Huko picha ndiyo inayoongea. Tuseme unadaiwa ulikata kushoto bila kumpisha mwenzako (huko magari yanapita kulia, kwa hiyo ukikata kushoto unavuka njia ya wanaokuja). Kama bodi imebonyea juu ya tairi la nyuma, ina maana gari lako lilikuwa karibu kumaliza kuvuka, na hilo lina uzito. Piga pia picha ya mahali vioo vilipomwagikia na ya alama za breki. Kamera za sheli jirani ziombe siku hiyo hiyo, maana zinajifuta. Ila kwenye barabara kuu, gari likiweza kutembea sheria inataka ulitoe njiani, kwa hiyo piga haraka.

Mara nyingi askari alifika vyuma vikiwa vimeshapoa. Muulize mahakamani: uliona? Akianza kusimulia alichoambiwa na dereva mwingine ambaye hayupo mahakamani, pinga hapo hapo kwamba huo ni ushahidi wa kusikia. Ukinyamaza, unapita. Unaweza kudai baraza la raia 6 wa kawaida waamue kama una hatia, na mkalimani, ila umwombe mapema.

Mwendesha mashtaka anaweza kukupa njia ya kati: unalipa ada, unaangaliwa kwa muda usiozidi siku 180, shauri linafutwa. Mwenye ushahidi mzuri mimi ningemwambia apigane. Mwenye kibarua cha kulipwa kwa saa, apige hesabu ya siku atakazokosa kazini. Hilo siwezi kumwamulia mtu.

Na wanaoandika "mnalia na magari mazuri", sikilizeni pesa ilipo. Bima haifuati hukumu ya tiketi, inaamua yenyewe. Matengenezo yakiwa dola 6,000 nawe ukibebeshwa asilimia 20 ya kosa, unadai 4,800 kwa bima ya mwenzako. Ukivuka asilimia 50, hupati hata senti. Kwa hiyo picha zile zile na jina la shahidi yule yule vitumwe kwa afisa wa bima wiki hiyo hiyo, kwa maandishi, bila kusubiri mahakama.