Rafiki Akikataa Vita

ATIENO: Karibuni tena, wasikilizaji wetu wa Kisumu na kote mnakotusikiliza. Mimi ni Atieno, niko na ndugu yangu Barasa. Leo ni mshirika anayekataa kuingia vitani, na hasira zinazomwangukia.

BARASA: Nami naanza upande wa mwenye hasira, dada. Umenilinda miaka na mikaka, halafu siku yako ya vita nikwambie nenda peke yako? Lazima uumie.

ATIENO: Kuumia sawa. Lakini tazama 2003, Marekani ilipotaka kuivamia Iraq. Ufaransa na Ujerumani zilitaka wakaguzi wa silaha waongezewe muda. Waziri wa Ulinzi wa Marekani, Donald Rumsfeld, akaziita Ulaya ya zamani. Mikahawa ya Bunge kule Washington ikabadilisha jina la chipsi, zile wanazoziita za Kifaransa, zikawa chipsi za uhuru.

BARASA: Ya chipsi tuyapite, ni utoto. Mimi kinachonisumbua ni Uturuki. Imo pamoja na Marekani ndani ya NATO, ule muungano wa kijeshi, tangu 1952. Marekani iliomba kupitisha wanajeshi wapatao 62,000 waingie Iraq kutoka kaskazini, ikaahidi mabilioni ya dola. Meli za vifaa tayari zilikuwa zinangoja pwani! Kisha unaambiwa hapana?

ATIENO: Nani aliyesema hapana? Bunge. Tarehe 1 Machi 2003 walioafiki walikuwa 264, waliopinga 250, na 19 hawakuegemea upande. Sheria yao ilitaka zaidi ya nusu ya wabunge waliokuwemo, yaani 267. Hoja ikaanguka kwa kura tatu.

BARASA: Kura tatu, dada.

ATIENO: Tatu. Na wananchi wengi huko hawakuitaka vita hiyo, Iraq ni jirani yao wa mpaka. Sasa sikia kilichonikasirisha. Mwezi Mei, Paul Wolfowitz, naibu wa Rumsfeld, aliilaumu Uturuki hadharani, akalilaumu hata jeshi lake kwamba halikuonyesha uongozi. Nchi iliyopinduliwa na wanajeshi 1960 na 1980! Unakwenda kueneza demokrasia Baghdad, huku unasikitika kwamba majenerali wa Ankara hawakuwasukuma wabunge wao?

BARASA: Hapo siwezi kumtetea. Lakini mshirika akichagua vita za kukusaidia, huo ushirika ni wa nini?

ATIENO: Ujerumani ilikataa Iraq huku wanajeshi wake wako Afghanistan pamoja na Wamarekani. Kanada vilevile. Hao hawakuukimbia urafiki. Walikataa vita moja ambayo sababu yake hawakuiona, na silaha za maangamizi ambazo Marekani ilisema Iraq inazo hazikupatikana. Aliyekwambia ngoja ndiye aliyekutakia mema.

BARASA: Sisi wenyewe tulionja hasira hiyo. Kenya ilijiunga na ICC, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, mwaka 2005, ikakataa kutia saini mkataba wa kuwakinga Wamarekani wasipelekwe huko. Msaada wa kijeshi ukakatwa.

ATIENO: Na ni sisi hao tuliozika watu zaidi ya 200 baada ya bomu la ubalozi wao Nairobi, Agosti 1998. Kama damu ndiyo kipimo cha urafiki, sisi tulikuwa tumeshatoa. Kutofautiana kwenye mkataba mmoja kukafuta yote hayo?

BARASA: Nakubali hilo linauma. Bado nasema Ankara ingetoa jibu mapema, kabla meli hazijafika. Kumngojesha mtu nalo ni kosa.

ATIENO: Serikali yao ilikubali kuzungumza kabla ya kujua Bunge litasema nini, hilo nakupa. Lakini Bunge lenyewe huwezi kulilaumu. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 240, inataka idhini ya Bunge kabla ya wanajeshi wetu kupelekwa nje. Mbunge wako akipiga kura ya hapana mwana wako asiende vitani, utataka nchi nyingine imwadhibu?

BARASA: La. Nitampigia simu nimshukuru.