Chupa Mbili za Steroidi: Mhadhara kuhusu Sindano za Kutuliza Uvimbe

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Nimekuja na chupa mbili mfukoni, ngoja nizitoe ili na waliokaa nyuma waone. Hii ya kwanza ni angavu kabisa, ukiiangalia utadhani maji. Hii ya pili nimeiacha itulie tangu asubuhi: juu maji, chini mashapo meupe kama chokaa. Sasa naitikisa. Mnaona? Imekuwa kama maziwa.

Zote mbili ni steroidi. Na mtu aliyechomwa yoyote kati ya hizi, ukimuuliza amechomwa nini, atakwambia, "Nilichomwa sindano ya maumivu." Basi. Jibu hilo nalisikia kila wiki, na kila wiki linanipa kazi ya upelelezi.

Ile ya maji, mara nyingi deksamethasoni, imeshayeyuka, kwa hiyo haikawii kuondoka pale ilipochomwa na kuingia kwenye damu. Ile ya maziwa, kama triamsinoloni, ni chembechembe ndogo mno zisizoyeyuka upesi. Ukiziweka ndani ya goti zinabaki humo, zinayeyuka kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Ndiyo maana sindano moja inaweza kumpa mtu nafuu ya mwezi na zaidi. Na ndiyo maana zikienda pasipo pake ni hatari: chembe hizo zikiingia kwenye ateri inayolisha uti wa mgongo, zinaweza kuiziba. Mwaka 2014 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kuhusu steroidi zinazochomwa kwenye nafasi inayozunguka uti wa mgongo. Madhara makubwa ni nadra, ilisema, lakini yakitokea ni kupofuka, kiharusi, kupooza au kifo. Sindano ya mgongo si ya kuchomwa kwa kukisia. Mchomaji anatakiwa aione ncha ya sindano yake kwenye picha ya eksirei.

Niondoe mkanganyiko mmoja haraka. Vijana wanaojenga misuli nao wana steroidi zao. Hizo ni ukoo mwingine, jamaa wa homoni ya kiume, na leo hatuzigusi. Hizi zetu ni jamaa wa kortisoli, homoni inayotengenezwa na tezi za adrenali, zile mbili zilizokaa juu ya figo.

Zilikujaje kuwa dawa? Daktari Philip Hench, wa Mayo Clinic kule Marekani, aligundua jambo la ajabu: wagonjwa wake wa baridi yabisi walipata nafuu walipougua manjano, na akina mama walipata nafuu walipobeba mimba. Akajiuliza mwili unatoa kitu gani nyakati hizo. Mwenzake mkemia, Edward Kendall, alikuwa ameshatenga vitu kadhaa kutoka kwenye adrenali na kuvipa herufi. Septemba 1948 kimoja kati ya hivyo, kile cha E, alichomwa mwanamke wa miaka 29 aliyekuwa amelemazwa na viungo. Siku chache baadaye alikuwa akitembea. Mwaka 1950 wawili hao, pamoja na Tadeus Reichstein wa Uswisi, walipewa Tuzo ya Nobel.

Shangwe haikudumu. Wagonjwa walianza kuvimba nyuso, wengine wakachanganyikiwa akili, na dawa ikisimamishwa maumivu yanarudi palepale. Ndipo Joseph Hollander, wa Philadelphia, mwaka 1951 akaripoti njia ya kuichoma dawa ndani ya kiungo chenyewe. Kama goti ndilo linalouma, kwa nini umwagie mwili mzima? Wazo hilo ndilo tunalolitumia hadi leo, na mimi bado naliona kuwa moja ya mawazo mazuri zaidi katika tiba ya viungo. Ugomvi wangu si na sindano yenyewe. Ni na haraka yetu ya kuichoma.

Maana steroidi haiulizi. Uvimbe ninaousema hapa, ule wa joto na maumivu, ni jeshi la mwili, na steroidi kazi yake ni kuliambia jeshi lirudi kambini. Haijui kama jeshi hilo limekosea adui, kama kwenye baridi yabisi, au limetoka kupambana na bakteria wa kweli. Kulijua hilo ni kazi ya anayechoma.

Niwaonyeshe ninavyofanya. Mgonjwa kaja, goti limejaa, la moto, hawezi kulikunja. Sichukui chupa ya maziwa. Nasafisha ngozi, naacha dawa ya kusafishia ikauke, naingiza sindano tupu pembeni ya kilegesambwa na kuvuta maji yaliyomo. Zamani tulifundishwa kushika bomba mbele ya gazeti. Maji ya goti lisilo na uvimbe, hata likiwa limechakaa, ni ya njano iliyopauka na herufi unazisoma upande wa pili. Herufi zikifichika, kuna uvimbe. Yakiwa mazito kama usaha, hapo moyo wangu unadunda, maana hilo goti linahitaji maabara na antibiotiki siku hiyohiyo, na nikilichoma steroidi nimewasaidia bakteria. Gazeti si kipimo cha kuamua, gauti, ugonjwa mwingine wa viungo, nayo hufanya maji yawe na ukungu. Lakini linakufanya usimame kidogo, ufikiri. Kwa hiyo ukiwa na homa, au goti limekuwa jekundu na la moto ghafla, au una jipu au kidonda karibu na pale pa kuchomwa, sema kabla hujakaa kitandani. Kama una goti bandia, sema pia. Hilo halichomwi ovyo.

Uchafu nao unaweza kutoka upande wetu. Mwaka 2012, Marekani, shehena za methilprednisoloni, steroidi nyingine, isiyo na kihifadhi, zilitoka kwa mtengenezaji zikiwa na fangasi. Watu zaidi ya 750 katika majimbo 20 waliugua, wengi wao homa ya uti wa mgongo, na zaidi ya 60 walikufa. Walikwenda kutibiwa mgongo na viungo tu. Huwezi kuona fangasi kwa macho, sikudanganyi. Lakini unaweza kuona kama chupa imefunguliwa mbele yako. Chupa iliyoandikwa ya mgonjwa mmoja ni ya mgonjwa mmoja, hata kama nusu yake imebaki. Ukiuliza na muuguzi akakasirika, mwache akasirike.

Sasa swali mnalolisubiri: mara ngapi? Desturi ya wengi wetu ni kutopita mara tatu au nne kwa mwaka kwenye kiungo kimoja, na kupisha angalau miezi mitatu kati ya moja na nyingine. Watu wanaichukua kama ratiba: Machi, Juni, Septemba, Desemba, kama ada ya shule. Ule ni ukomo tu, jamani, haukuwekwa ili ufikiwe. Kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2017 uliofanya hivyo makusudi. Watu 140 wenye magoti yaliyochakaa waligawanywa. Nusu walichomwa triamsinoloni miligramu 40 kila baada ya miezi mitatu kwa miaka miwili, nusu maji ya chumvi. Mwishoni, maumivu ya makundi mawili hayakupishana kwa maana yoyote. Gegedu, ile ngozi laini inayofunika ncha za mifupa, ilikuwa imepungua zaidi kwa waliochomwa steroidi. Mimi baada ya kuusoma niliacha kuwapangia wagonjwa tarehe ya sindano ijayo. Aje akiwa na goti lililojaa, tuliangalie upya.

Kiwiko ndicho kilichonifundisha unyenyekevu. Yale maumivu ya upande wa nje, ya mtu anayekamua nguo au kushika nyundo siku nzima. Ukichoma, wiki ya sita mgonjwa anakushukuru. Lakini majaribio ya Australia, moja lilichapishwa 2006 na jingine 2013, yaliwafuata wagonjwa mwaka mzima, na waliochomwa walikuwa nyuma ya wale ambao hawakuchomwa. Maumivu yaliwarudia. Shida ya pale zaidi ni kano iliyochoka kuliko uvimbe. Na kano haipendi steroidi, inalegea. Ile nene ya kisigino inaweza kukatika kabisa, kwa hiyo mtu asikuchome ndani yake. Kidole kinachokwama ukikikunja, au bega lililoanza kuganda, hapo sindano inafanya kazi nzuri, naichoma bila kusita.

Kuna watu watatu ambao lazima waongee kabla. Wa kwanza, mwenye kisukari. Hata sindano ya goti hupandisha sukari kwa siku kadhaa, kwa hiyo apime mara nyingi zaidi wiki hiyo, na ajue mapema nini cha kufanya ikipanda. Wa pili, anayetarajia upasuaji wa kuwekewa goti au nyonga bandia. Sindano ndani ya miezi mitatu kabla ya upasuaji inaongeza hatari ya maambukizi. Wa tatu ndiye anayesahaulika: anayetumia dawa za kufubaza VVU zenye ritonaviri au kobisistati. Dawa hizo zinazuia ini kuivunja triamsinoloni. Sindano moja tu ya bega, na steroidi inabaki kwenye damu kwa wiki nyingi, uso unavimba, adrenali zinalala. Najua kusema unatumia dawa hizo mbele ya mtu usiyemjua si jambo jepesi. Kama hutaki kutaja ugonjwa, taja majina ya dawa, au toa kikaratasi umwonyeshe. Mchomaji makini ataelewa na kubadilisha dawa au njia.

Na mimi nina kosa langu. Miaka iliyopita nilimchoma mama mmoja mwembamba kwenye kifundo cha mkono, upande wa dole gumba. Maumivu yakaisha. Miezi miwili baadaye akarudi, akaninyooshea mkono bila kusema kitu: pale nilipochoma palikuwa na doa jeupe lenye upana wa kifungo cha shati, na ngozi imebonyea, mafuta ya chini yameliwa. Kwenye ngozi nyeusi doa hilo halijifichi. Mara nyingi rangi hurudi, huweza kuchukua mwaka na zaidi. Dawa ilikuwa imekaa karibu mno na ngozi, na mimi sikuwa nimemwambia kwamba hilo linaweza kutokea. Siku hizi namwambia kila mtu, nikifika kwenye mifupa iliyo juu juu nasema mara mbili.

Hizo ni za kiungo kimoja. Kuna hizi za makalioni, za mwili mzima, "nichome ile inayomaliza maumivu yote." Ukichomwa mara kwa mara, adrenali zako zinaona kazi inafanywa na mwingine, zinalala. Siku ukiacha ghafla, au ukapata ajali au homa kali, haziamki kwa wakati, na mtu anaweza kuzimia na hata kufa. Kama umekuwa ukizipata kwa miezi, usikate mwenyewe leo kwa sababu yangu. Nenda upunguziwe.

Baada ya sindano ya kiungo, siku tatu zina kituko chake. Saa za kwanza raha tupu, kwa sababu huwa tunachanganya na dawa ya ganzi. Jioni ganzi inaisha na maumivu yanarudi, pengine makali kuliko mwanzo. Wengi ndipo wanapolaani. Tuliza, weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, acha kubeba vitu vizito. Steroidi yenyewe inaanza kazi baada ya siku moja hadi kadhaa. Lakini kiungo kikizidi kuuma baada ya siku tatu badala ya kupoa, au homa ikaja siku yoyote, rudi hospitali siku hiyo, hata usiku.

Nasikia kuna swali. Sema tu mama, sauti inafika.

Anasema amechomwa goti hilohilo mara tano tangu mwaka uanze, na wachomaji wa sehemu mbili tofauti, na ya mwisho haikumsaidia hata wiki. Anauliza kama ameshaliharibu.

Mama, sijui bila kuliona, na hata nikiliona sitajua lipi limeletwa na sindano na lipi na umri. Ninalojua ni kwamba ya sita huihitaji. Sindano isiyofika wiki inatuambia tutafute kingine: picha, misuli ya paja iliyodhoofika, uzito, labda daktari wa upasuaji. Na kama siku hizi unasikia kizunguzungu ukisimama au uchovu usioeleweka, tutapima kortisoli ya asubuhi. Wale wa sehemu mbili hawakujuana kwa sababu hakuna aliyekuandikia. Ninayo kalamu hapa, njoo tukae. Ya mwisho ilikuwa lini, na ilikuwa maji au maziwa?