Herufi Mbili Zilizoniponza

Ndugu zangu, nianze na kosa langu, maana si adabu kuanza na ya wenzangu.

Mwaka wangu wa pili kazini nilituma orodha ya mishahara kwa barua pepe kwa ofisi nzima. Nilikusudia iende kwa wahasibu. Niliandika "Wa", jina likajitokeza, nikabonyeza. Kisha nikasoma vizuri: "Wafanyakazi Wote". Mnajua nilifanya nini? Nilizima kompyuta! Nikaenda kunywa chai, funika kombe mwanaharamu apite. Niliporudi baada ya nusu saa, watu walikuwa wananong'ona kwenye korido. Kubonyeza kulikuwa bahati mbaya. Ile nusu saa niliichagua mwenyewe, na ndiyo inayoniuma mpaka leo.

Bosi akaniuliza, "Kwa nini hukuwa makini?" Swali hilo lina jibu moja tu: samahani, nitakuwa makini. Nikalitoa, tukaagana. Miezi miwili baadaye mwenzangu, mtu makini kuliko mimi, akarudia kosa lile lile.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, marubani wa Marekani wa ndege za B-17 walikuwa wanatua salama, halafu ndege ikiwa bado inakimbia ardhini wanakunja magurudumu. Ndege inalala kifudifudi. Lawama zote kwa rubani. Mwanasaikolojia Alphonse Chapanis alipochungulia ndani, alikuta swichi ya magurudumu na ile ya vibawa vya kupunguzia mwendo zimepangwa ubavu kwa ubavu, pacha kabisa. Dawa yake? Kigurudumu kidogo cha mpira kwenye swichi moja, kabari kwenye nyingine. Hata gizani kiganja kinajua kimeshika nini.

Sisemi mzembe aachwe, wapo, nawajua. Lakini kosa likifanywa na watu wawili tofauti mahali pale pale, tazameni mahali. Na mtu hawezi kuwaonyesha mahali hapo kama anaogopa kufungua mdomo. Marubani wa Marekani tangu mwaka 1976 huripoti makosa yao kwa NASA, shirika la anga la nchi hiyo, lisilo na mamlaka ya kuwanyang'anya leseni. Ndiyo maana wanasema.

Mwenzangu yeye hakwenda kunywa chai. Alisimama palepale akasema, "Jamani, nimekosea, msifungue." Tukaenda wote kwenye kompyuta yake, akaandika tena "Wa" tukiangalia. Wafanyakazi Wote juu, Wahasibu chini yake.

Tukalibadilisha lile jina la kwanza likawa "Ofisi Nzima". Dakika mbili, kazi imekwisha.