Ile Nyumba ya Msituni Nililipa Pesa Ngapi?

Watu wangu wa Nakuru, na nyinyi wa Kisumu mnaonifuatilia, hamjambo? Tangu niweke ile video ya milimani swali ni lilelile: nyumba ya mbao nililipa ngapi? Nikijibu mtasema najigamba, nikinyamaza ni mchoyo. Bora nieleze ilivyokuwa.

Pale ni Lewis Mountain, ndani ya mbuga ya Shenandoah, Virginia, huku Marekani. Langoni gari moja dola 30, mnaingia na kutoka siku 7. Hiyo haina neno. Balaa ni malazi. Tulianza na nyumba za watu binafsi nje ya mbuga. Bei ya usiku inavutia, lakini ukifika pa kulipa unakuta ada ya usafi, ada ya huduma, kodi, na amana juu. Umelipia usafi, na bado wamebandika karatasi mlangoni: vua mashuka, utie kwenye mashine! Jamani, kazi yangu ni kutunza wazee, mashuka nafua wiki nzima.

Ndiyo tukachukua ya ndani ya mbuga. Hapo nako, leseni yangu ina majina matatu, kadi ya benki mawili. Dada wa mapokezi akaniangalia kama mwizi hadi nilipotoa pasipoti. Chumba kina bafu, hita na mashuka. Jiko hakuna, unachoma nyama nje, na chakula usikiache nje, dubu wapo. Aprili kule juu usiku ni koti.

Kuna aliyeandika eti nimeenda kujipendekeza kwa Wazungu. Lewis Mountain ilifunguliwa 1939 kwa ajili ya watu weusi, enzi ambazo huko kwingine mbugani walibaguliwa. Ubaguzi huo wa mbugani ulikwisha kabisa 1950. Kwa hiyo tuheshimiane.

Halafu binamu zangu. Video haijamaliza siku, nimeshatumiwa ujumbe: mwenye pesa ya kulala msituni hashindwi na karo. Tulichanga wanne, kwa pesa za chama chetu cha akiba! Karo nimelipa Januari, hakuna aliyepiga hata simu.

Haya ni yangu tu. Pengine wewe kadi yako haina maneno, na kufua kwako si kitu. Na mnaouliza kwa nini nisilale nyumba ya wageni ya Naishi, palepale mbuga ya Ziwa Nakuru: nitalala, Desemba. Nyumba nitalipia mimi kwa eCitizen, ile tovuti ya serikali. Nyama ni yenu, na binamu waje na makaa.